Kikague Kabla Hakijafunikwa: Mwongozo Kamili wa Kusimamia Ujenzi wa Madarasa kwa Fosi Akaunti

Lenta ile, yaani mkanda wa zege lenye nondo unaopita juu ya milango na madirisha, ilimwagwa Jumamosi jioni. Nilikuwa nimeondoka saiti saa tisa alasiri, nikamwachia fundi agizo kwamba asimwage mpaka Jumatatu nitakapokuja kuhesabu nondo. Mvua ilikuwa inanukia, vibarua walikuwa wamekwisha kufika, na mwenyekiti wa kamati akaona ni hasara kuwarudisha nyumbani. Jumatatu nikakuta zege limeshika, limesawazishwa vizuri, na kila mtu ana furaha. Baada ya miezi minane ufa ukatokea juu ya dirisha la pili, ukapanda mshazari kuelekea kwenye paa. Tulipobomoa kipande tukakuta nondo mbili mahali ambapo mchoro ulitaka nne, na ringi, zile zinazozifunga nondo pamoja, zimeachana kiasi cha mkono kupita hadi kiwiko. Watoto walikuwa wamekaa chini ya lenta ile muhula mzima.

Nimefanya kazi ya ufundi sanifu wa ujenzi katika halmashauri kwa miaka mingi, na tangu siku ile nasimamia kila jengo kwa kanuni moja: kitu chochote kitakachofunikwa kikaguliwe, kipimwe na kipigwe picha kabla hakijafunikwa. Msingi hufunikwa na kifusi, nondo hufunikwa na zege, tofali hufunikwa na plasta, kenchi, yaani fremu za mbao za paa, hufunikwa na dari, na fedha hufunikwa na makaratasi. Ukishapitwa na wakati wa kuangalia, kilichobaki ni kuamini tu.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji au kata, diwani na mjumbe wa kamati ambaye ameambiwa fedha za madarasa zimeingia na hajawahi kushika mwiko maishani. Nimechukua madarasa kama mfano kwa sababu ndiyo kazi inayofanyika kila kata, lakini zahanati na nyumba ya mwalimu hazitofautiani sana.

Kwa nini jambo hili limekuwa lako

Zamani halmashauri ilimpa kandarasi mkandarasi, na wewe ulisubiri ufunguo. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, halmashauri au shule yenyewe inanunua vifaa, inaajiri fundi wa kawaida kwa mkataba wa ufundi tu, na wananchi wanasimamia kupitia kamati. Umeenea sana nchini Tanzania tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 na wanafunzi kufurika madarasani. Mfano mkubwa kuliko yote ulikuwa mwishoni mwa mwaka 2021, pale sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19 ilipoelekezwa kujenga vyumba 15,000 vya madarasa, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kwa shilingi milioni 20 kila chumba, ili wanafunzi waingie Januari 2022.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba faida ya mkandarasi inageuka kuwa tofali. Ugumu wake ni kwamba kazi yote ya mkandarasi, yaani kupanga, kununua, kutunza stoo, kukagua na kulipa, imehamia mabegani mwa mwalimu ambaye asubuhi ana kipindi cha hisabati. Hakuna aliyemfundisha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema fosi akaunti ni rahisi. Ni nafuu kwa fedha, lakini inakula muda na macho ya watu.

Hatua ya 1: Kiwanja kabla ya yote

Kabla hujapokea lori hata moja, pata muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, au wa mtaa kama ni mjini, unaoonyesha kwamba eneo ni la shule, mipaka yake ni ipi, na hakuna mtu anayedai fidia. Tembea mpaka huo pamoja na majirani, mguu kwa mguu, na wote watie saini. Nimeona msingi ukisimama mwaka mzima kwa sababu ya mikorosho minne ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Kisha angalia udongo na mteremko. Ramani ya darasa huchorwa kama vile nchi nzima ni tambarare, na fedha huletwa kwa hesabu hiyo hiyo. Kiwanja chenye mteremko kitakula tofali za msingi na kifusi ambavyo havimo kwenye bajeti, na utalijua hilo ukiwa umeshafika katikati. Udongo mweusi wa mbuga ni hatari zaidi, kwa kuwa huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na nyumba hupasuka nao. Ukiwa na uchaguzi, sogea mita 50 upate ardhi ngumu. Kama huna uchaguzi, mwite mhandisi wa halmashauri abadilishe msingi kwa maandishi kabla jembe halijagusa ardhi.

Hatua ya 2: Kamati tatu, kufuli mbili

Kamati ya ujenzi husimamia kazi ya kila siku. Kamati ya manunuzi hutafuta bei na kuchagua muuzaji. Kamati ya mapokezi hukagua na kuhesabu kinachofika. Wajumbe wasirudiwe. Aliyechagua duka asiwe ndiye anayesema mzigo umetimia, na anayesema mzigo umetimia asiwe mwenye ufunguo wa stoo peke yake. Kufuli mbili mlangoni, funguo kwa watu wawili wasio ndugu. Watu wa kijijini wataona kama unawashuku, kwa hiyo waeleze mapema kwamba kufuli ya pili inamlinda mtunza stoo mwenyewe: siku mfuko mmoja ukipungua, hatabaki peke yake kujibu.

Nakusihi uweke akina mama kwenye kamati ya mapokezi, tena wale wanaouza sokoni. Mtu aliyezoea kupima dengu na kuhesabu chenji hadanganyiki kwa urahisi na lori la mchanga lililojazwa nusu. Fundi mstaafu wa kijijini naye ni dhahabu, hata kama hajui kuandika.

Hatua ya 3: Ramani na BOQ visomwe hadharani

Ramani ni mchoro wa jengo. BOQ ni jedwali linaloonyesha kila kazi, kiasi cha vifaa na bei yake. Kwenye saiti nyingi karatasi hizi hukaa kwenye droo ya mtu mmoja. Zitoe. Nunua manila, andika kwa kalamu nene idadi ya mifuko ya saruji, nondo na unene wake, mabati na geji yake (namba ya unene wa bati), mbao, milango na rangi. Bandika kwenye ukuta wa ofisi na kwenye mti wa mkutano.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: mwombe mhandisi akae na kamati siku moja nzima, awatafsirie. Msiondoke mpaka kila mjumbe ajue unene wa jamvi, yaani zege la sakafu, idadi ya nondo za lenta na uwiano wa zege. Mkiona BOQ imesahau kitu, kwa mfano dawa ya mchwa au usafiri wa maji, andikeni barua siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Panga kazi kwa mvua, kisha kwa tarehe za serikali

Kaskazini na pwani una vuli na masika. Kusini na kati una mvua moja ndefu, takriban Novemba hadi Aprili. Malori ya mchanga na kokoto yapite kabla barabara haijakatika. Msingi na jamvi vitangulie kabla ya mvua kubwa, na kuezeka kusiangukie siku za dhoruba. Nguvu za wananchi za kuchimba msingi na kusomba mawe zipangwe nje ya palizi. Ukimwita mkulima saa ya palizi atakuja mara moja kwa aibu, mara ya pili hatakuja, na atakuwa na haki.

Upande wa pili wa kalenda kuna tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali. Fedha zikiingia Mei, shinikizo la kuzimaliza ni kubwa. Mwambie afisa manunuzi mapema vitu ambavyo vinaweza kununuliwa na kutunzwa bila kuharibika: nondo, mabati, misumari, vitasa. Saruji usiirundike. Ikikaa stoo zaidi ya miezi mitatu hupoteza nguvu, hasa pwani kwenye unyevu.

Hatua ya 5: Fundi na mkataba wake

Usimchague fundi kwa bei peke yake. Omba majengo mawili aliyojenga miaka mitatu au zaidi iliyopita, mwende mkayaone. Nyumba mpya zote zinapendeza. Angalia pembe za madirisha, angalia sakafu mlangoni, muulize mwenye nyumba kama fundi alirudi alipoitwa.

Mkataba uwe wa maandishi, kwa Kiswahili, na ulipaji ufuate hatua zilizokamilika. Mgawanyo ninaoutumia ni asilimia 25 baada ya msingi na jamvi, 25 baada ya kuta na lenta, 20 baada ya kuezeka, 20 baada ya plasta, sakafu, milango na rangi, na 10 inabaki mpaka kasoro zirekebishwe. Fundi atakuja katikati ya hatua kuomba posho ya vibarua. Ni ombi la haki, kwa sababu vibarua wanakula kila siku, kwa hiyo kubalianeni tangu mwanzo malipo madogo ya kila wiki yanayokatwa kwenye hatua husika. Hatari ni kulipa kazi ambayo haijafanyika. Fundi aliyelipwa kupita alipofikia hana sababu ya kurudi saiti.

Andika pia sentensi hii kwenye mkataba: zege lolote litakalomwagwa bila saini ya mkaguzi kwenye daftari la saiti litabomolewa kwa gharama ya fundi. Isomwe kwa sauti mbele ya kamati. Mimi niliiongeza baada ya lenta ya Jumamosi.

Hatua ya 6: Kununua

Ununuzi wa umma sasa unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023, na taratibu zake hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Afisa manunuzi wa halmashauri atakuongoza kwenye mfumo, lakini kuna mambo mfumo hauyaoni.

La kwanza ni usafiri. Bei ya dukani mjini na bei ya mzigo uliofika saiti ni vitu viwili. Kila nukuu ya bei iseme wazi kwamba ni bei ya kufikishwa na kushushwa. La pili ni maelezo ya kifaa. Ukiandika "nondo mm 12" bila urefu, na "bati" bila geji, muuzaji atakuletea cha rahisi na hutakuwa na hoja. Kwa mabati kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. La tatu ni risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Bila risiti hiyo, malipo yatakuwa hoja ya ukaguzi hata kama kila mfuko ulifika. Muuzaji aelezwe pia kuhusu kodi ya zuio, inayokatwa kwenye malipo yake na kupelekwa serikalini, kabla ya kukubali oda, asije akadhani mwalimu amemkata.

Hatua ya 7: Kupokea mzigo, na mizani ya korosho

Hapa ndipo mradi unapopona au unapougua. Lori likifika saa moja usiku na dereva ana haraka, jibu ni kwamba mzigo utapokelewa asubuhi. Mruhusu alale, mpeni chakula, lakini msihesabu kwa tochi.

Nondo zinanisumbua kuliko kitu kingine. Nondo iliyoandikwa mm 12 inaweza kuwa mm 11 au chini, na kwa jicho huwezi kujua. Uzito hausemi uongo: nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na takriban kilo 10.6. Ya mm 10 ina takriban kilo 7.4, na ya mm 16 karibu kilo 19. Kwenye kijiji kimoja tuliazima mizani ya chama cha msingi cha ushirika, ile ya kupimia korosho, tukaifunga kwenye tawi la mwembe, tukaning'iniza nondo moja baada ya nyingine iliyokunjwa katikati. Ya kwanza ilisoma kilo 9. Ya pili kilo 9. Mama mmoja wa kamati ya mapokezi akamtazama dereva akasema, "Mwanangu, hata korosho mbichi huwa tunazirudisha." Lori liligeuka na nondo zake zote. Siku ya tatu likarudi na nondo za kilo 10 na nusu. Nondo ya mm 12 ikishuka chini ya kilo 10, irudishe. Pima urefu pia, maana hukatwa.

Mchanga upime kwa chupa ya maji isiyo na rangi. Weka mchanga kufikia sentimita 12, ongeza maji mpaka karibu na mdomo na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, acha itulie kwa muda wa saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando. Likizidi sentimita moja, mchanga huo ni mchafu kwa zege. Kwa tofali, piga mbili zigongane, usikie mlio. Halafu idondoshe moja kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Ikivunjika vipande viwili unaweza kuzungumza na muuzaji. Ikisambaa kama mkate wa jana, usizungumze. Kama tofali zinafyatuliwa saiti, zimwagiliwe siku 7 na zisijengewe kabla ya wiki mbili.

Lori la mchanga lipimwe kwa tepu: urefu, upana na kina cha mchanga wenyewe, na nambari iandikwe. "Tripu moja" si kipimo.

Hatua ya 8: Stoo

Saruji ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi mifuko 10 kwa kupandana, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Daftari liwe na safu za tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kazi iliyotumika, kilichobaki na saini mbili.

Kisha kuna hila moja rahisi niliyojifunza kwa mtunza stoo mzee: mifuko mitupu irudishwe. Asubuhi unatoa 14, jioni unapokea mitupu 14. Ikirudi 12, miwili imetembea. Mifuko hiyo ifungwe kwa mafungu ya kumi na ihesabiwe kila Ijumaa na mwenyekiti wa kamati. Saiti nilizosimamia kwa njia hii hazikuwahi kugombana juu ya saruji.

Hatua ya 9: Msingi na zege

Pembe za jengo zipimwe kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari lazima utoe mita 5 kamili. Dakika kumi tu, na zinaokoa vichwa vinavyouma siku ya kuezeka. Mtaro wa msingi ufike ardhi ngumu, na mhandisi auone ukiwa wazi. Weka tepu ndani ya mtaro, piga picha kina kikionekana.

Uwiano wa zege la nguvu, la lenta na nguzo, kwa kawaida ni 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Tatizo ni kwamba fundi anapima kwa koleo au kwa toroli lililojazwa kilima. Mwambie seremala akutengenezee kisanduku kisicho na kitako chenye urefu wa sentimita 40, upana 35 na kina 25 kwa ndani. Kinabeba lita 35, ambazo ndizo ujazo wa mfuko mmoja wa kilo 50. Kwa kila mfuko, visanduku viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, vilivyosawazishwa kwa ubao. Hapo hakuna ubishi wala haja ya elimu.

Maji ndiyo adui wa kimya. Mfuko mmoja unahitaji lita 25 hadi 30, yaani ndoo moja ya lita 20 na nusu yake isizidi, na pungufu zaidi kama mchanga umelowa. Vibarua wanapenda zege linalotiririka kama uji kwa sababu linabebeka na kusambaa lenyewe. Zege hilo likikauka linabaki na vitundu na halina nguvu. Zege lolote litumike ndani ya saa moja tangu lichanganywe. Lililoanza kushika lisiongezwe maji. Litupwe.

Sasa fanya hesabu ambayo kila mjumbe anaweza kuifanya. Mita moja ya ujazo ya zege la 1:2:4 hula takriban mifuko 6 na nusu. Chukua darasa la mita 8 kwa 7, lenye jamvi la unene wa sentimita 10. Zidisha: 8 × 7 × 0.10 ni mita za ujazo 5.6, sawa na mifuko 36. Jamvi likimwagwa kwa sentimita 7 badala ya 10, zimetumika mita za ujazo 3.9 tu, na mifuko 11 haikuingia kwenye darasa hilo. Sentimita tatu hazionekani kwa jicho. Zinaonekana miaka miwili baadaye, sakafu inapoanza kubonyea chini ya madawati. Kwa hiyo, kabla ya kumwaga, chomeka vipande vya nondo kila mita mbili vyenye alama ya sentimita 10, na usiruhusu koleo kuingia mpaka alama zote zimeonwa. Kama mchoro wako unataka uwiano mwingine wa jamvi, mhandisi akupe idadi ya mifuko kabla, muilinganishe na daftari la stoo jioni ile ile. Usisahau dawa ya mchwa kabla ya jamvi na karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Hivyo viwili ndivyo vinavyorukwa zaidi, kwa kuwa mgeni rasmi hataviona.

Zege lililomwagwa limwagiliwe kwa siku 7 angalau. Sehemu kavu kama Dodoma na Singida, lifunikwe mchanga au nyasi zilizoloweshwa, asubuhi na jioni. Mtu mmoja alipwe kwa kazi hiyo tu, jina lake liandikwe ukutani. Kazi isiyo na jina haifanyiki, tena Jumapili ndiyo kabisa.

Hatua ya 10: Lenta na paa

Siku ya lenta usitoke saiti. Hesabu nondo, pima umbali wa ringi, hakikisha maungio ya nondo za mm 12 yamepishana angalau sentimita 60, na nondo zimeinuliwa kwa vijiwe vya zege ili zisilale kwenye mbao. Zikigusa mbao zitabaki nje ya zege, zitapata kutu, na kutu hupasua. Saini kwenye daftari. Ndipo fundi achanganye.

Fundi mmoja aliniambia, "Mzee, unanichelewesha, wingu lile." Nikamwambia, "Fundi, wingu likija tutafunika saruji. Hii nondo ikifunikwa vibaya, mimi na wewe tutaifunua kwa nyundo." Tulimwaga siku ya pili, kukiwa kukavu.

Kabla lenta haijashika, zamisha vipande vya nondo nyembamba vyenye ncha zilizobaki nje, vya kufungia mbao za paa. Kila msimu tunasikia upepo umeezua paa la shule fulani, na mara nyingi ukienda kuona unakuta mbao zililazwa juu ya ukuta bila kufungwa kwenye kitu chochote. Kenchi ziwe za mbao zenye dawa, zilizokauka. Mbao mbichi hujipinda na bati hufuata. Panda ngazi mwenyewe, au mtume mjumbe kijana mwenye simu, apige picha kila kenchi kabla ya bati.

Hatua ya 11: Faili

Mkaguzi anaweza kuja mwaka mmoja au zaidi baada ya fedha kuisha. Mwalimu mkuu amehamishwa, mtendaji amepanda cheo, fundi yuko mkoa mwingine. Kinachobaki ni faili. Weka ndani yake mihtasari yote ya vikao, nukuu za bei, oda, hati za kupokelea mali, risiti za EFD, mkataba wa fundi, orodha za malipo ya vibarua zenye saini, nakala za daftari la stoo, na mahudhurio ya wananchi waliojitolea pamoja na thamani ya kazi yao. Tengeneza nakala mbili, moja shuleni na moja kwa mtendaji wa kata. Picha zihifadhiwe kwa tarehe, maana simu hupotea. Nimemwona mwalimu mwaminifu akitoa machozi mbele ya wakaguzi kwa sababu hati za kupokelea mali zilikuwa kwenye nyumba aliyohama. Jengo lilikuwepo, zuri, na bado alitakiwa kujibu.

Hatua ya 12: Vyoo, madawati na makabidhiano

Darasa jipya linaleta watoto wapya, na watoto wanahitaji choo. Kipimo cha kawaida ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kama bajeti haina vyoo, lisemwe kwenye mkutano wa kijiji tangu siku ya msingi, si siku ya ufunguzi. Shimo likichimbwa, lizungushiwe uzio siku hiyo hiyo. Saiti iko ndani ya shule, na mtoto wa darasa la kwanza hajui maana ya utepe.

Siku ya makabidhiano fungua na kufunga kila dirisha na kila kitasa. Mwaga maji ndoo moja kwenye sakafu uone yanakoelekea. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Inapolia tupu, weka alama ya chaki ibanduliwe. Orodha ya kasoro iandikwe, fundi apewe siku za kuzimaliza, na ile asilimia 10 ibaki mahali pake.

Kisha subiri mvua kubwa ya kwanza. Ikinyesha, nenda, hata kama ni jioni. Simama ndani ya darasa na mwalimu mkuu na chaki, uzunguke chumba chote ukitazama juu, na kila tone linapoangukia chora duara sakafuni, uandike tarehe. Toka nje uone maji ya paa yanatua wapi na kama yanachimba msingi. Kesho yake asubuhi mwite fundi, mwonyeshe maduara, na mwanze kuchimba mfereji.